Kahawa ya Babu Kornelio

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Vaileth alimchemshia babu yake kahawa. Mzee Kornelio alikuwa ametoka Mamboya kuja kukaa nao Kilosa, akaja na mfuko wa buni za shambani kwake. Vaileth alikaanga kiasi cha wiki nzima, akatwanga, akatia kwenye kopo. Yeye na mama yake walikunywa chai.

"Shikamoo, Babu. Kahawa hii hapa."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Vaileth hakufika mbali. Alisikia chwaa! Kugeuka, Babu alikuwa ameimwaga kahawa yote kwenye mgomba kando ya baraza.

"Babu! Ni mbaya?"

"Nani kasema? Tamu kabisa. Mkono umeteleza tu."

Kesho yake Vaileth alisugua birika kwa majivu mpaka likang'aa. Chwaa! Akatia tangawizi. Chwaa! Akaongeza sukari mpaka mama yake akapiga kelele. Chwaa! Na kila alipoulizwa, Babu alijibu, "Tamu."

"Sasa mimi nifanye nini?" Vaileth alimlalamikia mama yake. "Mgomba unakunywa kahawa kuliko Babu!"

"Labda umemjibu vibaya," mama alisema kwa ukali. "Amesema Jumamosi anarudi Mamboya. Akakae peke yake, na kifua kile kinachomsumbua!"

Machozi yalimlengalenga Vaileth. Alipeleka kikombe kingine, kisha akasimama mbele ya mgomba.

"Leo humwagi, Babu. Kunywa, au niambie."

Babu alipiga funda moja. Uso ukamkunjamana. "Haya! Inanuka sabuni! Tangu nije nakunywa maji ya kufulia!"

Mama alikimbilia jikoni, akarudi na kopo. Ndani yake, juu ya kahawa, mlikuwa na kipande cha sabuni ya kunukia, mojawapo ya zile zilizojaa madukani tangu bidhaa za nje ziliporuhusiwa.

"Ni yangu," Vaileth alinong'ona. "Mfuniko unabana. Sikutaka harufu ipotee."

"Haikupotea," Babu alisema. "Iko tumboni mwangu!"

Akamweleza kwamba kahawa huvuta kila harufu iliyo karibu. Ikae kwenye kopo lake peke yake, imefunikwa vizuri, mbali na moto. "Tena twanga ya leo tu. Ya wiki nzima inapoteza ladha."

Wakakaanga buni kidogo, wakazitwanga. Maji yalipochemka, Vaileth aliepua birika, akatia kahawa, akangoja machicha yatulie chini. Babu alimaliza kikombe, akaomba cha pili.

Lakini mama alikuwa bado amekasirika. "Wewe, uliza kabla ya kutumia chombo cha wenzako. Na wewe, Baba, kwa nini umsifie mtoto kitu kibaya? Ungemwambia siku ya kwanza, angejifunza siku ya kwanza. Haya, na hili nalo niambie kweli: unataka kurudi Mamboya?"

Babu aliweka kikombe chake chini.

"Sitaki," alisema. "Nilikuwa naikimbia kahawa tu. Nataka kukaa na nyinyi."