Inchi za Wifi

Jumatatu samaki alikuwa na urefu wa kidole cha mwisho. Kufika Alhamisi, hakuweza kugeuka kwenye kona ya tangi bila mkia wake kupiga kioo.

"Si nilikwambia wanakua upesi?" alisema fundi vioo, akijichekea kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa.

Tangi alilitengeneza mwenyewe kwa vipande vilivyobaki karakana, akaviunga kwa gundi ya madirisha. Maji aliyatia chumvi kwa kipimo mpaka yakawa kama ya bahari, akafunga na pampu ndogo ya hewa iliyokoroma mchana kutwa. Muuza samaki alimwonya kwamba aina ile haifai kufugwa kwenye tangi dogo. Lakini fundi vioo lini aliambiwa jambo akasikia? Akaliweka sebuleni, mbele ya kiti cha dada yake mkubwa, apate cha kutazama.

Dada huyo alipigwa na kiharusi miaka minne nyuma. Upande wa kulia ulikufa, ulimi ukawa mzito, yakabaki macho. Aliyemwogesha na kumlisha ni wifi yake, mke wa fundi, mshonaji ambaye cherehani yake ilikaa sebuleni humo humo. Kabla ya ugonjwa, dada mtu alizoea kumwita "kitambaa cha mnada" mbele ya wageni. Sasa ulimi ulikuwa umefungwa, na mshonaji hakuwahi kumnyanyulia mkono. Ila maji ya kuoga yalikuwa baridi kuliko ilivyolazimu, na kijiko kiliingia mdomoni kabla koo halijameza cha kwanza.

Wiki ya pili alimpima mgonjwa gauni jipya, la zamani likiwa limemvuka mabega. Kiuno kilipungua, hilo si ajabu. Akamlaza chali, akanyoosha futi ya kitambaa kutoka begani hadi kisigino. Daftari lake la vipimo lilisema inchi hamsini na nne. Futi ilisema hamsini.

Akapima tena. Hamsini.

Akarudi sebuleni na, bila kujua kwa nini, akaibandika futi kwenye kioo cha tangi. Samaki akatulia kama mteja anayejua kusimama. Alinunuliwa akiwa na inchi mbili. Sasa alikuwa na sita.

Kesho yake mgonjwa alikuwa na arobaini na tisa na nusu. Samaki, sita na nusu.

Ilimpasa apige kelele. Badala yake alifungua ukurasa mpya, akaandika safu mbili, *Wifi* na *Samaki*, kisha akakaa chini akamalizia kola ya mteja.

Tangu siku hiyo alipima kila asubuhi. Samaki aliacha kukimbilia chakula. Alikaa ameelekea kitini, midomo ikifunguka na kufumba kama mtoto anayenyonya, na mgonjwa alimtazama huku jasho likimtiririka shavuni.

"Ni... toe," mgonjwa alinong'ona siku moja.

"Nikutoe wapi, wifi?"

"Ha... pa."

"Hapa pana hewa nzuri," alisema mshonaji, akamsogezea kiti karibu zaidi na kioo.

Mumewe aliona kitu, lakini aliona nusu. "Mama Chiriku, dada amekonda mno."

"Ugonjwa huo, Baba Chiriku. Chakula chenyewe hali."

Mume akaguna, akageukia tangi. Watu walikuwa wakipita kumwangalia samaki wake, wakimwita mtaalamu. Akajenga tangi la pili, refu kidogo, akamhamishia samaki humo.

Mwezi wa pili nguo zote za cherehani zilianza kunuka kombe za baharini zilizoachwa juani, na wateja wakarudisha magauni wakiwa wameziba pua. Kutoka tangini ukasikika mgongo wa kitu ukigonga kioo, polepole, mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu tena. Mgonjwa hakuweza tena hata kukaa. Walimhamishia kitanda cha chumba cha ndani, na mume, alipombeba, alilia, kwa sababu alimbeba kwa mkono mmoja.

Kiti kikabaki kitupu. Samaki akageuka.

Sasa alielekea meza ambayo binti yao wa miaka minane, waliyempa jina la Chiriku kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno, alifanyia kazi zake za shule. Siku ya kwanza Chiriku alisimulia habari nusu tu ya kawaida yake. Siku ya tatu hakusimulia kitu. Siku ya tano alisimama mlangoni amevaa sare, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mikono ya shati imekuwa mirefu," na mshonaji, aliyeishona sare ile kwa mkono wake na kujua kila mshono wake, akapiga magoti akamvuta mtoto karibu, akanyoosha futi kutoka begani hadi kiwikoni na kutoka kiwikoni hadi kifundoni, akahesabu, akahesabu upya, akajaribu kujiambia kwamba futi imelegea, kwamba macho yamechoka, kwamba mtoto hajasimama vizuri, huku nyuma yake kioo kikigongwa mara tatu, polepole, kama mtu anayejua atafunguliwa.

Siku hiyo hiyo adhuhuri, mume akiwa karakana na mtoto shuleni, alimleta mganga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeingia akasimama mbali na tangi na kuziba pua kwa upande wa khanga.

"Huyu si samaki," alisema. "Samaki ni vazi tu. Hili ni jini la maji ya chumvi. Linamla anayeachwa mbele yake. Limeshamla nani?"

"Binti yangu. Limemwanza."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Litatolewa kwa maji matamu. Tutapitisha mpira dirishani. Samaki atakufa, na lenyewe litatoka kutafuta mwili. Nyumba ikiwa tupu, litapita mlangoni liende zake. Likikuta mtu, litaingia, na hapo usiniite tena. Kuna mwingine humu ndani?"

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umerudishwa. Ilitosha kikohozi kimoja kumfichua mgonjwa. Mshonaji alifikiria kumtoa yule mwanamke mzima aliye na kimo cha mtoto wa miaka sita, na mganga akimuuliza tangu lini, na kwa nini.

"Hakuna."

Walikaa uani. Maji yaliingia tangini muda mrefu. Ndani kukawa na kishindo, kisha kitu kizito kikaburutika sakafuni, chapachapa, kama nguo iliyoloa inayovutwa na mtu asiye na haraka, na mganga akanyoosha uso mlangoni kusubiri baridi ya jini ipite, na baridi haikupita, na ile chapachapa ikafifia kuelekea ndani, si nje.

"Umesema hakuna mtu," mganga alinong'ona.

"Hakuna."

Mganga alimtazama, akakusanya vitu vyake, akaondoka bila kuaga.

Tangini alielea samaki mfu, mdogo kama kidole cha mwisho. Na chumbani ikatoka sauti safi, isiyokwama popote.

"Wifi. Nina njaa."

Fundi vioo aliporudi alimkuta dada yake ameketi ukingoni mwa kitanda, anakula kwa mkono wa kulia. Alianguka miguuni pake akalia kama mtoto. Dada akampapasa kichwa.

"Kaangalie daftari la vipimo la mkeo," alisema. "Mwishoni."

Alisoma amesimama. Safu mbili, siku arobaini na tatu.

"Ulikuwa unaandika," alimwambia mkewe. Hakupaza sauti, na hakumgusa.

Mgonjwa alikula sufuria nzima, na kesho yake mbili. Kufika Ijumaa alitembea hadi uani na kurudi, na gauni lililokuwa likiburuta chini sasa likamfika magotini. Jioni, wakimaliza kula, akasema, "Chiriku alale na mimi. Nina hamu mno na mtoto wangu."

Mshonaji alimfuata mumewe koridoni, akamshika miguu. "Baba Chiriku, nakuomba. Yule si dada yako. Msogelee, unuse. Liko ndani yake, mimi ndiye niliyeliachia, niue ukitaka, ila mtoto usimpeleke."

"Mwezi mzima ulikuwa unamuua dada yangu kwa futi na kalamu," alisema. "Leo unataka nikusikilize?"

Akabeba godoro la mtoto yeye mwenyewe, akalitandika chini, kando ya kitanda. Kisha akafunga mlango, akatia ufunguo mfuko wa shati ili mkewe asiingie.

Halafu sauti ya Chiriku ikatoka nyuma ya mlango, ikidadisi kama zamani.

"Shangazi, mbona hufumbi macho?"

Fundi vioo alisikia. Akatabasamu, kwa mara ya kwanza wiki ile, akifurahi kwamba maneno ya mtoto yamerudi, akaenda kuzima taa ya sebuleni.