Kipimo Kilichozama Haraka

— Ulijua tangu lini?

Fundi akajikuna shingo. Nikajua si leo wala jana.

— Tangu mwezi wa pili.

— Miezi mitatu! Miezi mitatu unanichekea tu!

Jamani, kazi yetu ni hii: tunadondosha kipimo baharini kutoka melini. Kinasoma joto la maji huku kikizama, ila hakijui kimefika mita ngapi. Sisi tunahesabu sekunde, ndipo tunajua kiko wapi. Mchumba wangu, fundi wa meli, ndiye anayekidondosha. Mimi napiga hesabu za joto la bahari mpaka mita mia saba.

— Vipimo vipya, hivi vya miaka hii mitatu, ni vizito kuliko vile vya zamani, akasema. Vinazama haraka. Ukidhani kiko mita mia tatu, kumbe kimeshapita, kinasoma maji ya chini yenye baridi zaidi.

Yaani ripoti yangu inayosema bahari imeacha kupata joto ilikuwa upuuzi mtupu. Na saa nne naisoma mbele ya mkurugenzi, ndiyo nipandishwe cheo!

— Sasa mbona hukusema?

— Ulikuwa na furaha, mpenzi. Harusi yenyewe Jumamosi. Sikutaka kukuharibia.

— Hukutaka kuniharibia? Umenimaliza!

Simu ikalia. Mama mkwe.

— Mwanangu, maua meupe au mekundu?

— Muulize mwanao, mama. Siku hizi yeye ndiye ananiamulia kila kitu.

Nikakata.

Kikaoni, kabla sijafungua mdomo, Fundi akasimama.

— Mkurugenzi, ripoti hii ina kosa, na kosa ni langu. Niliandika sekunde vibaya.

Muongo! Sekunde zake zilikuwa sahihi kabisa. Anaficha ukweli tena, safari hii mbele za watu!

— Hebu kaa chini, nikamwambia. Mkurugenzi, hesabu ni zangu. Vipimo vilipobadilishwa sikukagua uzito wake. Bahari imepata joto zaidi ya nilivyoandika. Naomba nirudie.

Mkurugenzi akavua miwani.

— Ya miaka yote mitatu?

— Yote.

— Basi na cheo chako kitasubiri.

Kwenye korido nikalia kwa hasira. Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Fundi, na mwenyewe kasimama hatua mbili tu kutoka nilipo: "Bado utaolewa na mimi?"

— Huna mdomo wewe? Jumamosi nitakuja. Lakini siku utakayonificha tena kitu, eti kwa sababu unanipenda, naondoka.

— Nilikuwa nakulinda.

— Sina haja ya mlinzi. Nataka mume.