Mteja Ndani ya Diski

Taa ya kisanduku iliwaka kabla hakijatiwa diski.

Mama Futi ndiye aliyeiona. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake cha kushonea, utepe wa kupimia shingoni kama kawaida yake, ule uliompa jina. "Shemeji, hicho kidude chako kina kiherehere. Hakijapewa kitu, kinatafuna nini?"

Shemeji yake, fundi umeme, alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza, nusu ya mwili imemezwa na waya. "Kinajipasha tu. Hata wewe asubuhi si unaizungusha cherehani kwanza kabla ya kuweka kitambaa?"

"Cherehani yangu naikanyaga mimi. Hicho anakikanyaga nani?"

Mwanamume akikosa jibu hukaza skrubu, na huyu alikaza tatu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya marehemu mumewe Mama Futi, mwalimu wa hesabu, mtu aliyeweza kusahau kula lakini si kujumlisha. Kilikuwa kibodi kinene kinachochomekwa kwenye televisheni, na kumbukumbu zake zilikaa kwenye kaseti, zile zile za muziki. Mwalimu aliiandikia programu ya kutunza vipimo vya wateja wa mkewe, kisha akafa, programu ikabaki. Kila asubuhi kaseti ilipiga mayowe robo saa nzima ndipo namba zitokee. Sasa kanda zilikuwa zimechakaa. Mwezi uliopita zilimpa bwana harusi kiuno cha mama mkwe wake, na suruali ikamshuka mbele ya kamera. Ndipo shemeji akaombwa aifungie kompyuta kisanduku cha kusomea diski.

Alikifunga vizuri, haki yake apewe. Waya bapa, mpana kama mkanda, ulitoka mgongoni mwa kompyuta ukaingia kwenye kisanduku cha chuma chenye mdomo mwembamba. Diski zenyewe zilikuwa vitu vyeusi vya mraba, laini, kama mfuko ulioshonwa pande zote nne. Pembeni mwa kila moja palikuwa na kipengo.

"Ukifunika kipengo hiki kwa kibandiko," shemeji alieleza, akionyesha karatasi ya vibandiko vyeusi, "mashine itasoma tu, haitaandika tena hata nukta. Ndiyo kufuli yake."

Mama Futi alikuwa na desturi. Mkasi mpya, pasi mpya, sindano mpya, vyote hujaribiwa kwa kitambaa cha nyumbani, ili kikiharibika kisiwe cha mtu. Kwa hiyo siku hiyo hakuanza na kipimo cha mteja. Alimwita binti yake wa pekee, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa mwandishi wake kwenye kibodi, akamzungushia futi, akataja: bega kumi na tano, kifua thelathini na nne, kiuno ishirini na saba, nyonga thelathini na nane, mkono ishirini na tatu, urefu sitini na sita. Binti akaandika, akahifadhi. Kisanduku kikasaga, krr, krr, kama mtu anayesaga meno usingizini.

Orodha ikatokea kwenye televisheni. Wateja wawili.

"Wa pili nani?" Mama Futi aliuliza.

"Sijui, mama. Sijamwandika mimi. Kifua inchi moja, kiuno inchi moja, urefu inchi mbili."

"Mjusi huyo. Mwambie hatushonei mijusi."

Wakacheka. Chumbani palikuwa na harufu kidogo, kama ya nywele zilizopigwa pasi.

Siku ya nne sketi ya binti ilimvuka akiwa amesimama anakata nyuzi.

"Umeanza kujinyima chakula, we mtoto?"

"Mama, jana si nilikula sahani mbili ukaniita gunia?"

Kweli alimwita hivyo. Mama Futi akavua utepe shingoni, akampima. Kiuno ishirini na tatu. Akampima tena, polepole, maana mkono wa fundi huweza kukosea mara moja. Ishirini na tatu. Akaenda kwenye televisheni. Namba za binti zilisema kiuno ishirini na tatu, na hakuna mtu aliyezigusa. Za mteja wa pili zilisema kiuno nne.

Mama Futi aliishia darasa la saba, lakini kujumlisha na kutoa ndiyo kazi iliyomlisha. Alichopungukiwa huyu ndicho alichokuwa nacho yule, hata ile inchi ya kwanza ya mjusi. Kifua vivyo hivyo. Bega vivyo hivyo. Akamsimamisha binti kwenye ukingo wa mlango. Alikuwa amepungua kimo inchi sita, na wote wawili walikuwa wakijidanganya kwamba ni kwa sababu ya kandambili bapa alizovaa.

"Kaa hapa, andika upya zile za kwanza."

Binti akaandika, akahifadhi. Mama Futi aligeuka tu kuchukua miwani. Aliporudi, namba zilikuwa zimeshuka tena, na inchi nzima ya adhabu juu yake.

Akachomoa waya wa umeme ukutani. Televisheni ikazima. Kisanduku kikaendelea kusaga.

Shemeji alipoitwa alikuja na nyundo na uso wa mtu anayejua kitu. Mama Futi alimtazama mpaka akakisema. Kisanduku kilitoka kwenye ofisi moja iliyofungwa, chumba cha kumbukumbu. Karani wa mwisho alikutwa amekaa kitini, si mgonjwa wala hajafa, ila viatu vilikuwa vimebaki sakafuni na miguu haivifikii.

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilidhani ni maneno ya watu, shemeji. Ngoja nikivunje, tuchome na diski yake."

"Na mwanangu yumo humo humo, namba kwa namba! Ukichoma diski unachoma nani, mwenye akili wewe?"

"Basi tubandike kile kibandiko, asiandike tena."

"Ili mwanangu abaki hivi? Unafunga mlango mwizi akiwa nje na mali?"

"Basi tumwite mganga."

"Mganga aje afukize moshi. Mimi nataka mtoto, sitaki moshi." Akamnyang'anya nyundo. "Nenda nyumbani kwako. Umeshafunga vya kutosha."

Siku iliyofuata binti alikuwa amevaa gauni alilolivaa chekechea. Hakulia. Alikalia mito miwili ili afikie kibodi, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nikimalizika, kisanduku usimuuzie mtu."

"Hakuna anayemalizika hapa. Kaa wima, unakunja mgongo."

Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa uani, redio ya jirani inatangaza matokeo ya mpira. Mama Futi alikuwa anatia uzi sindanoni aliposikia kitambaa kikiburutwa. Sauti ilitoka kwenye chumba cha kujaribia nguo, kile cha pembeni chenye pazia. Kisanduku mezani kilikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu jana. Ile harufu ya nywele iliingia nzito, ikakaa kooni. Pazia lilikuwa limetuna, na palipotuna palikuwa kimo cha mtu mfupi, wa inchi thelathini hivi na ushei. Chini yake hapakuwa na miguu.

"Nishonee," pazia lilisema.

Ilikuwa sauti ya binti yake, lakini nzito na ya kuvutavuta, kama kaseti iliyolegea. Binti kwenye kibodi alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, kuhakikisha kuwa si yeye aliyesema. Mama Futi akashika ukingo wa meza. Mdomo wake haujawahi kumsaliti.

"Wateja wangu husalimia kwanza."

Pazia likasema, taratibu: "Shikamoo."

"Marahaba. Unashona nini?"

"Nguo ya kutokea nje."

"Nguo ya kutokea nje haikatwi kwa namba za kuokota. Namba zako kila nikizitazama zimehama, mara hivi, mara vile. Mtu asiyesimama tuli hapimiki. Unataka nguo au unataka gunia?"

"Nguo."

"Basi miguu pamoja, mikono juu, pumzi ndani. Usitikisike mpaka niseme." Akamgeukia binti, akamtazama jicho kwa jicho. "Na wewe mwandishi, ninachotaja ndicho unachoandika. Hicho hicho, hata ukisikia nini."

Binti akachomeka umeme, akaweka vidole kwenye kibodi. Alikuwa ameelewa. Mtoto wa fundi hujua mama yake akisoma utepe na akisoma kitu kingine.

Mama Futi akapitisha mikono nyuma ya pazia bila kulifunua, akazungusha futi, na hapo ndipo hofu ilipomkamata sawasawa, kwa sababu alitegemea mifupa au manyoya au ubaridi wa maiti, na badala yake mikono yake iliyomfunga mtoto yule nepi, ikamvisha sare ya shule, ikamkatia kila gauni alilowahi kuvaa tangu azaliwe, ilikuta bega lile lile la mwanawe, mteremko ule ule wa shingo, mfupa ule ule mdogo nyuma uliotokeza tangu utotoni, vyote vikiwa havipumui, na kitu kile kikajiegemeza kwenye viganja vyake kama mtoto anayetaka kubebwa, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, mikono ikataka kukibeba.

Akakaza utepe.

Utepe ulisema kumi na sita. "Kifua," alitaja kwa sauti ya kazini, "sifuri."

Kibodi kikagonga. Chini ya utepe, kifua kikanywea.

"Kiuno, sifuri. Nyonga, sifuri. Mikono juu, nimesema! Ndivyo wanavyopimwa watu. Mkono, sifuri. Bega, sifuri."

Kila namba iliyoandikwa ilimtoa mtu pale mikononi mwake, kipande kwa kipande, hadi akawa anapima kitu chembamba kama fimbo ya pazia, kirefu tu, kinachotetemeka. Ndipo kikashituka.

"Unanipunja," kilisema, na sasa haikuwa sauti ya binti wala ya mtu. Kikaudaka utepe. Ukaanza kumkaza yeye viganjani, kwenye vifundo, ukipanda kwenye mikono kama unaoujua mwili wake, pazia likimfunika uso, harufu ikimjaa puani, na mezani kisanduku kikaanza kupiga kelele, si kusaga tena bali kupiga kelele kama kaseti zote za marehemu kwa pamoja.

"Nimewapunja waliokuzidi!" Mama Futi alifoka ndani ya pazia. "Urefu—"

Utepe ukavutwa kwa nguvu, akaanguka kwa magoti, neno likakatika. Kitu kile kilikuwa kimeuma ncha ya utepe kwenye alama ya inchi moja na hakiachii. Hakuwa na nafasi ya kubishana. "Urefu inchi moja! Hifadhi! Hifadhi, mwanangu!"

Binti akahifadhi. Kisanduku kikasaga mara tatu. Taa ilipozimika tu alichomoa diski, akabandika kibandiko cheusi juu ya kipengo, akakikandamiza kwa meno.

Pazia likaanguka chini. Nyuma yake palikuwa na kioo na vibao vya kuning'inizia nguo. Redio ya jirani ilikuwa bado inatangaza mpira.

Kufikia jioni lile gauni la chekechea lilipasuka mgongoni, na Mama Futi hajawahi kufurahia mshono uliofumuka kama huo. Kesho yake alimpima binti kwa mkono wake. Bega kumi na tano. Kifua thelathini na nne. Kiuno, nyonga, mkono, vyote nyumbani. Urefu sitini na tano.

Akapima tena. Sitini na tano.

Akawasha televisheni, akatia diski. Mteja wa pili bado alikuwemo, sifuri kila mahali, urefu inchi moja. Chini yake, herufi moja moja, pakaandikika kwenye kioo cha televisheni: BANDUA NIKUPE.

Mama Futi aliyasoma maneno hayo mara mbili. Hakuwa mtu wa machozi. Lakini alimzaa mtoto mzima, na inchi ile ilikuwa yake, aliibeba tumboni pamoja na nyingine zote. Akachomoa diski. Ukucha wake ukaenda wenyewe kwenye pembe ya kibandiko, ukaanza kuinua.

Binti alimshika mkono.

"Mama, kuna viatu vya visigino duniani."

"Ni inchi yako."

"Ndiyo, yangu. Basi mimi ndiye ninayemwachia. Akae nayo." Alikibana kibandiko kwa kidole gumba mpaka kikalala. "Mimi nimepungua kidole. Yeye amebaki kidole. Tuone nani atachoka kwanza."

Mama Futi alimtazama mtoto huyo mwenye ulimi, akatia diski ndani ya bati la vifungo, akalikalia wakati akivaa viatu. Ndani ya bati kitu kiligonga mara moja, kidogo, kama kucha.

"Gonga," alisema. "Mimi nina kazi."

Akachukua daftari na penseli, akafungua mlango wa mbele, akaita aliye mwanzo kwenye foleni aingie apimwe.