Maziwa ya Salu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mimi na mama tulianika dagaa mchangani pale Lamadi. Mwaka 1956 mama aliugua tumbo la kuhara, akalala wiki mbili, akafa. Tangu hapo harufu ya dagaa ikawa inanitapisha. Nilichukia dagaa, nikachukia uji, nikachukia hata shuka langu mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwangu dunia nzima ilikuwa inanuka.

Baba yangu, mzee Renatus, alinivumilia mwezi mmoja tu. "Justina, umebaki mifupa," akasema. "Nenda Lingeka kwa mama yako mdogo, ukabadilishe hewa."

Hewa gani! Katika lori la kwenda Bariadi nilibanwa kati ya ngozi mbichi za ng'ombe na mzee mmoja aliyetema ugoro njia nzima. Lori la pili likanifikisha Mwanhuzi. Mama mdogo Kwandu alikuwa akinisubiri hapo, tukatembea kwa miguu mpaka kwake. Na huko Lingeka nikakuta mavi ya ng'ombe uani, mavi sakafuni, na nzi waliokuja kunywa machozi yangu bila aibu.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mama mdogo zizini, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mama mdogo."

"Mwangaluka, mayu. Njoo uone tunavyokamua."

Ng'ombe mmoja akaanza kukojoa. Mama mdogo akakinga kibuyu, akakijaza mkojo, akakisukasuka, akamwaga. Kisha akatia ndani kijiti chenye moto ili moshi ukikaushe. Baadaye akakamulia maziwa humohumo na kunijazia bakuli.

"Kunywa. Kiangazi hiki maji yako mbali, vibuyu tunasafisha hivi. Maziwa hayaharibiki upesi."

Nikasema asante, nikaenda nyuma ya zizi, nikayamwaga yote mchangani. Nikajipaka povu kidogo midomoni na kurudisha bakuli.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Matamu sana."

Nilifanya hivyo siku sita. Mama mdogo alishangaa kwamba sinenepi, akaniongezea.

Siku ya saba nilipogeuka baada ya kumwaga, nilimwona Salu, mtoto wake wa miaka mitano. Alikuwa amepiga magoti palepale, analamba matope yenye maziwa. Mchanga ulimjaa ulimini, na kando ya pua yake palikuwa na kinyesi cha mbuzi.

"We Salu! Acha! Kinyaa gani hicho?"

Akaniangalia. "Yalikuwa yangu," akasema. "Mama kasema mgonjwa anywe kwanza. Ng'ombe wenye maziwa ni wawili tu."

Hapo nikatapika kweli, na safari hii sikumwonea kinyaa mtu mwingine ila mimi mwenyewe. Nikamshika mkono Salu, nikampeleka kwa mama yake, nikaeleza yote.

Mama mdogo alikasirika. "Siku saba unanidanganya usoni, na mwanangu analala kwa uji wa mtama tu! Ungesema tu kwamba unaona kinyaa. Ningekuoshea kibuyu kwa maji ya moto, hata kama ni kwenda kisimani mara mbili."

"Siwezi kusema hivyo," nikalia. "Mama alipokuwa anaumwa, mimi ndiye niliyefua nguo zake. Nilikuwa naziba pua. Siku ya mwisho alifumbua macho akaniona nimeziba pua, na jioni akafa. Amekufa akijua namwonea kinyaa."

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo, hata baba.

Mama mdogo akakaa chini karibu yangu.

"Nguo hizo ulizifua mara ngapi?"

"Kila siku. Siku nyingine mara tatu."

"Ulimwacha hata siku moja alale kwenye uchafu?"

"Hapana."

"Sasa sikiliza, mwanangu. Pua haina adabu, hata yangu ingekataa. Dada yangu aliona mtoto anayeziba pua huku anamfulia, na hiyo si dharau. Mimi habari zilinikuta huku, nikafika ameshazikwa. Sikumfulia hata kitambaa. Kuona kinyaa si kosa, Justina. Kosa ni kuficha na kudanganya, kwa sababu uongo wako umemlaza Salu na njaa, na siri yako ilikuwa inakuua wewe. Lenye kukuuma, liseme kwa watu wako."

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Haya, niambie. Dada alizungumza nini siku zile? Kila neno, nataka kulisikia."

Nikaanza kumsimulia. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali, na katikati ya maneno nikasikia tumbo langu linaunguruma kwa njaa.