Aliyelala Ndani

Wino wa mstari wa mwisho ulikuwa mbichi. Daftari la sensa lilimzidi umri fundi cherehani aliyelifungua, kurasa zake zimeliwa na mende, lakini mstari ule ulimwachia doa jeusi kidoleni. Akalinusa. Lilinuka tope la kisimani.

Fundi alikuwa amefunga kazi siku hiyo ili atafute habari za bibi yake, aliyetoka nyumbani mchana kweupe asirudi tena. Kwao habari hiyo haikuulizwa. Ukiuliza unaambiwa nenda kaoshe vyombo, hata kama una miaka thelathini na mtoto wako mwenyewe.

"Huyu ni nani?" alimuuliza mtunza nyaraka, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akimwonyesha mstari ule wa mwisho wa kaya ya babu yake.

"Mpita njia. Sensa huandika kila aliyelala ndani usiku wa kuhesabiwa, mwanangu. Hata aliyeomba hifadhi tu. Mwenye nyumba akisema mwandikeni, anaandikwa."

Mwanamke, miaka thelathini, jina halikutajwa. Babu naye na ukarimu wake! Angefunga tu mlango akalala.

Mzee akaleta daftari la miaka kumi baadaye. Mwanamke asiye na jina, miaka thelathini, safari hii dada wa mkuu wa kaya. Dada halisi wa babu aliandikwa chini kabisa: mgeni. Katika daftari la tatu dada huyo hayumo. Mwanamke bado ana miaka thelathini, sasa ni mke. Na bibi? Mgeni.

Mzee alirudi nyuma hatua mbili. "Hilo ni jini," alinong'ona. "Funga. Leo wanahesabu mtaa gani?"

"Wetu."

Fundi alimpigia simu mama yake, ambaye alikuwa na mwaka wa pili hajainuka kitandani.

"Mama, karani wa sensa akija, asiandike mtu! Mtoto yuko wapi?"

"Si unaye hapo sebuleni?" mama alijibu kwa sauti ya chini. "Nakusikia unaongea na karani. Mwanangu... mbona nyumba nzima inanuka tope?"

Simu ikakatika, naye akakimbia, akapita sokoni akiparamia watu na matenga ya nyanya, kiatu kimoja kikabaki mtaroni asikigeukie, huku akimwomba Mungu amkute binti yake, kwa kuwa asubuhi ile ile alikuwa amemsuka nywele na kumwahidi kurudi kabla ya chakula, na kadiri alivyokaribia kwake ndivyo alivyosikia cherehani yake mwenyewe ikilia ndani.

Karani alikuwa mlangoni, anaandika namba kwa chaki.

"Umemwandika nani?" fundi aliuliza akihema.

"Mkuu wa kaya, mama wa miaka thelathini hivi. Mcheshi kweli. Mama yake mgonjwa. Binti yake, miaka saba." Akapekua fomu. "Na mgeni mmoja, fundi wa nguo. Anaondoka leo."

"Huyo ni mimi! Hii ni nyumba yangu! Futa!"

"Dada, nimeshafunga fomu."

Cherehani ikanyamaza. Binti yake akachungulia mlangoni, nywele zimesukwa vizuri, akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye mguu usio na kiatu.

"Shikamoo," alisema kwa adabu. "Mama anauliza, unamtafuta nani?"