Namba za Kusubiri

Kompyuta ya mchora ramani ilifaulu jaribio ambalo ilitakiwa kushindwa, na hapo ndipo fundi alipopaswa kuiacha. Hakuiacha. Sifa zilishampanda kichwani.

Alikuwa mwanamke aliyefanyia kazi sebuleni kwake, na kwa kuharakisha kompyuta hakuwa na mpinzani. Kumbukumbu ya kompyuta ikiulizwa kitu husubiri mapigo kadhaa ndipo ijibu. Mapigo hayo huandikwa kwa namba: ukizipunguza, mashine inakimbia, ukizipunguza mno, inajibu uongo kisha inazimika. Asubuhi ile alishusha kutoka kumi na sita hadi kumi na mbili. Kosa hakuna. Akashusha hadi tisa, namba ambayo fundi mwenye akili timamu haigusi. Kosa hakuna. Feni ikasimama, lakini mvumo wake ukabaki chumbani, pamoja na harufu ya nywele zilizoungua.

"Chiriku," alimwita bintiye wa miaka saba, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, "umesha..."

"Nimekula, na sahani nimeosha."

Fundi akacheka, akashusha hadi nane.

"Kwenye droo ya kushoto," mtoto akasema. Fundi alikuwa hajauliza kitu. Ndiyo kwanza anainua kichwa kutafuta bisibisi. Akaifungua droo ya kushoto, akaikuta. Safari hii hakucheka.

Kufika mchana majibu yalikuwa yakitangulia maswali kwa dakika nzima. Walikuwa mezani mtoto alipotua kijiko, akasema kwa utulivu, "Niko huku chini. Maji yamenifika shingoni." Kisha, kabla mama yake hajapata sauti ya kumhoji, akaongeza, "Bado hajauliza."

Fundi alikimbilia chumba cha nyuma kwa shangazi yake, ambaye enzi zake aliwatibu wenye majini. Bibi yule alitoka akinusa hewa.

"Umepunguza nini?" alinong'ona.

"Namba tu, shangazi. Za kusubiri."

"Namba tu! Kati ya swali na jibu pana nafasi, mwanangu, na kila nafasi ina mwenyewe. Umembana mpaka katoka. Ulidhani atakwenda kulala wapi?"

"Nazirudisha."

"Zirudishe sasa hivi. Na lile swali lisitoke kinywani mwako."

Fundi alilijua swali lenyewe. Mama yeyote huliuliza mara kumi kwa siku: uko wapi? Nyuma ya nyumba palikuwa na tangi la maji lililochimbiwa ardhini.

Kurudisha namba nako kukawa mtihani. Mwanafunzi wa wiki moja anajua kwamba huandiki mpya kabla ya kunakili za zamani. Namba zilikuwa nyingi, naye, kwa kujiamini, hakunakili hata moja; aliikumbuka ya kwanza tu. Ikabidi aing'oe betri ndogo kama sarafu inayozitunza namba hizo, ili mashine isahau yote na kurudia za kiwandani, akachomoa na waya wa umeme, na mvumo haukukoma, ulizidi, ukamzunguka shingoni huku shangazi ameweka kiganja juu ya utosi wa mtoto akinuiza kwa sauti ya chini, na harufu ikawa nzito hadi machozi yakawatoka, na betri ikamponyoka fundi, ikabingirika chini ya meza, na ndipo kitu kikampita sikioni, kikafuata ukumbi, na mlango wa nyuma ukajibamiza.

Kimya. Alirudisha betri, akawasha. Kumi na sita.

"Unaitwa nani?" alimwuliza mtoto.

Mtoto akawaza. Akajikuna pua. "Chiriku. Kwani umesahau?"

Fundi alimkumbatia akalia kwa furaha, maana kimya kile kidogo kabla ya jibu kilikuwa kitamu kuliko neno lolote alilowahi kusikia.

Shangazi akaenda kujilaza. Fundi akafunga skrubu za mwisho, na alipoinua macho, mtoto hayupo. Swali likampanda hadi kwenye ulimi. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, akatoka mbio bila kutoa sauti, ukumbi wote, mlango wa nyuma, na kumkuta amechuchumaa kando ya tangi, mfuniko uko wazi, nguo zake kavu. Akamnyakua, akambana kifuani, wote wawili wakihema.

Hapo mchora ramani akaingia kwa mlango wa mbele kuchukua kompyuta yake. Alikuwa mtu wa utani, na alizoea kumchokoza mtoto kila ajapo.

"Chiriku wangu!" alipaza sauti. "Uko wapi leo?"

Fundi alihisi midomo ya bintiye shingoni mwake. Ilikuwa imefumba.

"Niko huku chini," sauti ya Chiriku ikajibu kutoka ndani ya tangi. "Maji yamenifika shingoni."