Koti la Mwalimu

Asubuhi ile Pindo alikuta mkono wa koti umekunjwa kifuani, ilhali jana aliuacha ukining'inia. Pasi ilikuwa baridi, lakini duka zima lilinuka kitambaa kilichoungua.

Koti lilikuwa la mwalimu wa hesabu. Alilileta lipunguzwe mikono, na kabla ya kuondoka akamwalika Pindo, fundi wake, chai Jumamosi. Tangu hapo Pindo hakupata usingizi. Katika miadi yake ya kwanza ya mapenzi aliongea mfululizo hadi mwanamume akaenda kunawa mikono asirudi. Katika ya pili alikaa kama bubu. Huyu mwalimu Pindo alimpenda kweli, na aliogopa kumpoteza. Basi alilivika sanamu la mbao la kupimia nguo lile koti, akaketi mbele yake kufanya mazoezi, akiuliza na kujijibu mwenyewe.

"Mimi napenda mvua," alisema. Hapana, ataniona mtoto. "Napenda utulivu." Hapana, ataniona kizee. Mwishowe alishika mkono mtupu wa koti, akanong'ona, "Nikikwama, nisemee."

Shangazi yake, aliyekuwa akishona vifungo pembeni, aliacha kazi.

"Mwanangu, nguo ya mtu haivishwi kitu kisicho na kichwa, halafu ukakiomba msaada. Kuna wanaotafuta pa kuingia."

"Shangazi, hiyo ni mbao tu."

"Mbao haikunji mkono. Livue."

Pindo alicheka, asilivue. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi alasiri alifunga duka, akaenda mkahawani. Mwalimu alikuwa ameshaketi, ameinamia kikombe, koti mwilini. Pindo alianza na habari ya mvua, naye akaitikia vizuri, taratibu, kwa majibu yaleyale aliyokuwa akijipa mwenyewe dukani. Moyo ulitulia. Kisha simu ikaita.

"Samahani, nimechelewa," ilisema sauti ya mwalimu. "Nimepitia koti langu dukani, nimekuta mmefunga. Nipo hapa nje ya mkahawa."

Pindo aliangalia mikono ya lile koti, akaziona pini zake mwenyewe bado zimechomekwa kwenye upindo, na ndani ya mikono hamkuwa na viganja, na juu ya kola, pale alipodhani pameinama kichwa, palikuwa na giza tu lililonuka pasi ya moto, nalo likamsogelea polepole juu ya meza, likasema kwa upole, "Umekwama. Nakusemea," na koo la Pindo likajaa joto.

Mwalimu aliingia, akaketi. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye kiti.

"Kumbe umeniletea. Ahsante sana."

Kimbia, Pindo alitaka kusema. Kinywa chake kikatabasamu.

"Karibu. Mimi napenda mvua. Na wewe?"

Mwalimu alicheka, akasogeza kiti karibu. Waliongea hadi jua likazama. Alipomwomba waonane tena, kinywa kilikubali kwa haya ya kupendeza, wala hakuna aliyemsikia Pindo akilia mle ndani.

Ndiyo miadi yake ya kwanza kwenda vizuri.